Mawimbi ya televisheni yanafika wapi? Mwongozo kamili wa kuyapima, kuanzia mnarani hadi kwenye ramani

Wengi wanaojaribu kupima ufikaji wa mawimbi ya televisheni hufanya hivi: wanaondoka mnarani kwa barabara kuu, kila baada ya kilomita kadhaa wanasimama, wanachomeka king'amuzi na kutazama ule mstari wa nguvu na ule wa ubora. Picha ikiganda wanaandika "kilomita 58", wanarudi na kuchora duara kwenye ramani. Baadaye mtu aliye kilomita 30 tu kutoka mnarani anasema hapati kitu, na mwingine wa kilomita 75 anatazama bila shida. Wote wawili wanasema kweli. Lililokosewa ni duara.

Umbali peke yake hausemi mengi. Mgongo wa kilima, msitu, jengo, hata kusogea mita tatu pembeni, vinaweza kubadilisha kipimo kuliko kilomita kumi za ziada. Kwa hiyo tunachopima ni hiki: katika eneo fulani, kati ya kila sehemu 100 ambazo mtu angeweza kusimika antena, ni ngapi zinapata mawimbi ya kutosha? Katika mipango ya matangazo, eneo likifikia asilimia 95 ya sehemu huhesabiwa kuwa na mapokezi mazuri, na kwenye asilimia 70 mapokezi huhesabiwa kuwa ya kuridhisha. Shikilia wazo hilo tangu mwanzo, maana kila hatua hapa chini inalitumikia.

Hesabu zote humu ni za matangazo ya dijitali ya DVB-T2 (mfumo wa televisheni ya dijitali inayorushwa kutoka minara ya ardhini) kwenye masafa ya UHF, chaneli zenye upana wa MHz 8. Kama mnara wako unatumia mfumo mwingine, hatua ni zilezile. Badilisha namba tu.

## Vifaa

Mita ya mawimbi ya televisheni inayoonyesha vitu vitatu: nguvu ya chaneli nzima kwa dBµV (desibeli juu ya mikrovolti moja), MER (usafi wa mawimbi kwa desibeli; ikiwa kubwa, mawimbi ni safi), na kiwango cha makosa ya biti. Ikionyesha pia mchoro wa mwangwi, bora zaidi. Utauhitaji kwenye mtandao wa minara inayotumia masafa mamoja.

King'amuzi hakitoshi. Asilimia kinazoonyesha ni za mtengenezaji mwenyewe, na "asilimia 60" ya kingine haina uhusiano wowote na 60 ya hiki. Kifaa kidogo cha SDR cha USB, yaani redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta, nacho kina kasoro yake: vingi vya bei nafuu huona upana wa karibu MHz 2.4 tu, yaani chini ya theluthi moja ya chaneli, na hakuna aliyevirekebisha kiwandani ili visome kipimo halisi. Kitumie kupeleleza, kisiandike ripoti.

Antena ya kupimia unayoijua nguvu yake kwa dBi (desibeli inazoongeza ikilinganishwa na antena isiyo na uelekeo) kwenye masafa utakayopima. Mimi huchagua ya aina ya log-periodic kuliko Yagi, kwa sababu nguvu yake haipandi na kushuka sana ukihama kutoka chaneli moja kwenda nyingine.

Mlingoti wa kurefusha unaofika mita 10. Urefu huu ndio unaotumika kimataifa kwa mapokezi ya antena ya juu ya paa. Ukipima kwa mita 4 kwa sababu ndio mlingoti uliopo, huna tena cha kulinganisha na kizingiti wala na utabiri wowote.

Kebo ya ohm 75 isiyobadilishwa kazi nzima, pamoja na konekta za akiba.

Vipunguza nguvu vya dB 10 na dB 20, na kimoja cha kurekebishwa kwa hatua ya dB 1.

GPS, dira, ramani yenye miinuko, na jedwali la kuandikia. Jedwali liandaliwe kabla ya safari, safu zake zikiwa tayari: namba ya kituo, latitudo na longitudo kwa desimali tano, saa, hali ya hewa, mwelekeo wa antena kwa digrii, vipimo vitano, MER, makosa ya biti, na maelezo ya mazingira. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha wazi, na ndiyo itakayokuokoa ukikaa mezani.

## Hatua ya 1: Kusanya taarifa za mnara

Bila hizi utapima kitu usichokijua. Unahitaji chaneli au masafa, nguvu inayorushwa kwa uelekeo (ERP) kwa kilowati, kimo cha antena ya mnara kutoka usawa wa bahari na kutoka ardhini, kama mawimbi yamelala au yamesimama, mchoro wa mrusho kwa kila upande, na mpangilio wa DVB-T2: aina ya moduleshini (namna data zinavyopakiwa kwenye mawimbi), kiwango cha usimbaji (sehemu ya data ambayo si ya kurekebisha makosa) na nafasi ya ulinzi (muda mfupi unaoachwa ili mwangwi usiharibu).

Masafa ya katikati ya chaneli ya UHF yanapatikana kwa kuzidisha namba ya chaneli kwa 8 na kujumlisha 306. Chaneli ya 21 ni MHz 474. Chaneli ya 37 ni MHz 602, na ndiyo nitakayoitumia kwenye mifano.

Uliza swali moja la ziada: kuna mnara mwingine unaotumia chaneli hiyohiyo, wa kwenu au wa jirani? Jibu likiwa ndiyo, uandike kwenye ramani sasa hivi. Nimeona kazi ya siku nne ikifutwa kwa sababu nusu ya vipimo vilikuwa vya mnara wa pili.

Umefaulu ikiwa unaweza kujaza taarifa zote bila kukisia hata moja. Mchoro wa mrusho usipopatikana, andika hivyo kwenye ripoti, usidhani kwamba mnara unarusha sawa pande zote. Minara mingi hairushi hivyo.

## Hatua ya 2: Hesabu kizingiti

Kizingiti ni nguvu ya mawimbi hewani, kwa dBµV kwa kila mita, ambayo chini yake antena ya kawaida ya paani haiwezi kuleta picha. Usikinakili kutoka kwenye ripoti ya mtu mwingine. Kihesabu, ni mistari mitano.

Kelele ya asili kwenye chaneli ya MHz 8 ni karibu dBm −105 (dBm ni desibeli ikilinganishwa na miliwati moja). Mpokeaji wa kawaida anaongeza dB 6 za kelele yake, tunafika −99. Moduleshini ya 256-QAM yenye usimbaji wa 2/3 inataka mawimbi yaizidi kelele kwa kama dB 18 hadi 21, kutegemea mwangwi ulivyo; tuchukue 20. Kwa hiyo kwenye tundu la king'amuzi tunahitaji dBm −79. Kwa kebo ya ohm 75, ongeza 108.75 upate dBµV: ni karibu 30.

Sasa tunarudi kutoka kwenye tundu hadi hewani. Kila antena ina namba ya kugeuza, nayo kwa ohm 75 ni:

namba ya kugeuza = 20 × log(masafa kwa MHz) − nguvu ya antena kwa dBi − 31.5

Kwa MHz 602, sehemu ya kwanza ni 55.6. Antena ya paani yenye dBi 13 inatupa 11. Kebo ya nyumbani tuipe upotevu wa dB 4. Jumla: 30 + 11 + 4 = 45 dBµV/m.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tutulie kidogo. Antena ya dBi 13 iliyo kwenye hesabu hii ni ya mtazamaji, si ile utakayopanda nayo mlingotini. Antena yako ya kupimia ina namba yake ya kugeuza, nayo itatumika kwenye hatua ya 7. Nguvu ya mawimbi hewani haijui ni antena gani umeisimika; ndiyo maana tunaitumia kama lugha ya pamoja kati ya kizingiti na kipimo.

Umefaulu ikiwa una namba moja ya kizingiti, na unaweza kumweleza mtu kila desibeli ilitoka wapi.

## Hatua ya 3: Tabiri kabla ya kupima

Utabiri unakuambia wapi pa kwenda, na baadaye unakuambia kipimo gani hakiwezekani.

Anza na upeo wa redio. Mawimbi hupinda kidogo kuifuata dunia, hivyo yanapita upeo wa macho. Umbali wake kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya vimo viwili kwa mita. Antena ya mnara ikiwa mita 150 juu ya eneo linaloizunguka na yako mita 10: 12.25 + 3.16 = 15.41, mara 4.12, unapata karibu kilomita 63. Hapo ni kwenye ardhi tambarare. Kupita hapo mawimbi hayakatiki ghafla, lakini yanashuka kwa kasi.

Kisha hesabu nguvu ya juu kabisa inayowezekana, kana kwamba hakuna kizuizi chochote:

106.9 + 10 × log(ERP kwa kW) − 20 × log(umbali kwa km)

Mnara wa kW 10 ukiwa kilomita 40: 106.9 + 10 − 32 = 84.9 dBµV/m. Iandike namba hii kwa kila kituo. Kipimo halisi karibu daima kitakuwa chini yake. Mwakisiko wa ardhi ukiangukia vizuri unaweza kukipandisha, lakini hata mwakisiko kamili hauongezi zaidi ya dB 6. Ukipima kwenye kilomita 40 halafu ukapata 95 dBµV/m, usishangilie, kuna kosa.

Mwisho, chora mkato wa ardhi kati ya mnara na kila eneo. Data za miinuko za SRTM, zilizokusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, zinapatikana bure kwa nafasi ya takriban mita 30. Programu za SPLAT! na Radio Mobile huzisoma na kukupa ramani ya utabiri kwa kutumia modeli ya Longley-Rice. Mikunjo ya jumla ya utabiri, isiyojali kila kilima, iko kwenye pendekezo la ITU-R P.1546 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano.

Tahadhari: SRTM iliona juu ya vitu. Penye msitu mzito mwinuko unaoandikwa umebeba sehemu ya kimo cha miti.

## Hatua ya 4: Chagua vituo ukiwa mezani

Ukichagua vituo ukiwa njiani utachagua penye kivuli kizuri cha kuegesha gari, na mara nyingi hapo ni juu ya mwinuko. Ramani yako itapendeza na itakuwa ya uongo.

Chora mistari 12 kutoka mnarani, kila baada ya digrii 30. Kwenye kila mstari weka vituo vichache karibu na mnara, kila kilomita 10 inatosha, kisha viongezee pale utabiri unapokaribia kizingiti: kila kilomita 2. Kazi yote iko kwenye ukingo. Kituo cha tano ndani ya eneo lenye dBµV/m 80 hakikufundishi chochote.

Halafu ongeza maeneo ambayo watu wanaishi lakini mstari haupiti, hasa yaliyo nyuma ya vilima na kwenye mabonde. Humo ndimo wanamokaa wanaolalamika kila siku, na humo ndimo vipimo vya barabara kuu haviingii.

Kituo kisipofikika, una ruhusa ya kusogea hadi mita 500, ila kwenye mwinuko unaofanana na ule wa awali, na uandike kwamba umesogea.

## Hatua ya 5: Hakiki vifaa vyako

Pima upotevu wa kebo mwenyewe. Ukiwa karibu na mnara, soma mita kwa kebo fupi ya mita moja, kisha weka kebo ndefu ya kazi kwenye antena ileile, mahali palepale. Tofauti ndiyo upotevu. Kwa kebo nzuri ya aina ya RG-6 yenye urefu wa mita 20, kwenye MHz 600 tarajia karibu dB 3.

Kisha tafuta mahali pa wazi unapouona mnara kwa macho, kilomita 5 hadi 10, bila jengo wala mti katikati. Pima, geuza kama hatua ya 7 inavyoonyesha, na ulinganishe na hesabu ya njia wazi. Ukishawekea hesabu mchoro wa mrusho wa upande huo, tofauti ya dB 3 au 4 ni ya kawaida. Ikifika 10, simama hapo. Usiendelee mbele ukitumaini itajirekebisha.

Rudia ukaguzi huu kila asubuhi, mahali palepale. Niliwahi kupima vituo 14 baada ya mvua ya usiku bila kukagua. Vyote vilikuwa chini kwa karibu dB 6, na nilishaanza kuandika kwamba mvua imeushusha ufikaji wa mnara. Nilipofungua konekta ya juu, nyuzi za kizingio cha kebo zilikuwa zimegeuka kijani, na tone la maji limekaa kwenye plastiki nyeupe iliyozunguka waya wa katikati. Vituo vyote 14 vilirudiwa.

Tahadhari mbili. Karibu na mnara mita inaweza kuzidiwa na kusoma vibaya. Weka kipunguza nguvu cha dB 20: kipimo kikishuka kwa 20 kamili, mita ilikuwa salama, kikishuka kwa 12 tu, au ubora ukapanda, ilikuwa imezidiwa. Pili, usiunganishe mita kwenye kebo ambayo tayari inapeleka umeme kwa ampulifaya ya juu bila kuukata umeme huo.

## Hatua ya 6: Kupima kituoni

Tazama juu kabla ya kuinua chochote. Nyaya za umeme ziwe mbali angalau mara mbili ya urefu wa mlingoti wako. Kukiwa na radi, hata ya mbali, usiinue. Mlingoti ulioinuliwa hausafirishwi hata mita tano. Ushushe, usogee, uinue tena. Ni taabu, na kuna watu wamekufa kwa kuikwepa.

Inua hadi mita 10. Elekeza antena kwa dira kuelekea mnara, kisha izungushe taratibu kushoto na kulia hadi kipimo kifike juu kabisa. Kilele kikija upande tofauti sana na mnara ulipo, unapokea mwakisiko au mnara mwingine. Andika digrii zote mbili.

Hakikisha antena imelala kama mawimbi yamelala, imesimama kama yamesimama. Kosa hili linaweza kula zaidi ya dB 10 bila kutoa ishara yoyote.

Kwenye mita chagua kipimo cha nguvu ya chaneli nzima. Ukitumia kichanganua masafa na kusoma kimo cha mstari kwa upana wa kHz 100, utasoma karibu dB 19 chini ya ukweli, kwa sababu nguvu ya matangazo ya dijitali imetandazwa kwenye MHz 7.6 na wewe umeona kipande kimoja tu.

Sasa vipimo vitano. Kimoja katikati, vinne kwa umbo la msalaba, kila kimoja mita 3 hadi 5 kutoka katikati. Sababu ni kwamba mawimbi ya MHz 600 yana urefu wa nusu mita, na yanayokuja moja kwa moja hukutana na yaliyogonga ukuta au ardhi. Mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanafutana. Kipimo kimoja kinakupa bahati ya mahali ulipokanyaga.

Tuseme umesoma 33, 29, 35, 26 na 32. Zipange kwa ukubwa. Ya katikati ni 32, na hiyo ndiyo ya kituo. Lakini zihifadhi zote tano, tutazirudia.

Kwa kila sehemu andika pia MER. Kisha fanya jaribio ambalo nalithamini kuliko yote: weka kipunguza nguvu cha kurekebishwa mbele ya mita au king'amuzi, ongeza dB moja moja hadi picha ianze kukatika. Desibeli ulizofikia ndizo akiba ya kituo hicho. Mahali penye akiba ya dB 2 picha ni safi leo na itapotea miti ikilowa. Penye akiba ya 14 unaweza kumwambia mwenye nyumba asimike antena bila wasiwasi.

Namna ya kusoma nguvu na MER pamoja. Nguvu kubwa na MER nzuri, endelea. Nguvu ndogo na MER ndogo, umefika ukingoni kwa haki. Nguvu kubwa lakini MER mbaya ndiyo ya kusimamisha kazi: kuna mwingiliano kutoka mnara mwingine, mwangwi uliopitiliza, au mita imezidiwa. Ukiweka rangi kwa nguvu peke yake, eneo hilo litaonekana zuri kwenye ramani huku watu wake hawaoni kitu.

Penye minara miwili au zaidi ya masafa mamoja, fungua mchoro wa mwangwi. Kila maikrosekunde moja ni mita 300 za njia. Mwangwi wa maikrosekunde 40 umesafiri kilomita 12 zaidi ya mawimbi ya kwanza. Pima kwenye ramani kama tofauti ya umbali wa minara yako miwili inafanana na hiyo. Kwenye mpangilio wa 32K (idadi ya mawimbi madogo yanayobeba chaneli) wenye nafasi ya ulinzi ya 1/16, mwangwi hadi maikrosekunde 224, yaani kama kilomita 67, unasaidia badala ya kuharibu. Ukipita hapo unageuka kuwa kelele.

## Hatua ya 7: Geuza kipimo kiwe nguvu ya hewani

nguvu hewani = kipimo + namba ya kugeuza ya antena ya kupimia + upotevu wa kebo

Antena ya kupimia ya dBi 10 kwenye MHz 602 ina namba ya kugeuza 14. Kebo ni 3. Kituo chetu: 32 + 14 + 3 = 49 dBµV/m. Kizingiti ni 45, kituo kimepita kwa dB 4.

Sasa zirudie zile tano. Kwa 17 za kuongeza unapata 50, 46, 52, 43 na 49. Sehemu nne zimepita, moja imeanguka. Aliyepima sehemu ile moja peke yake angeandika "hakuna mawimbi", na aliyesimama hatua chache pembeni angeandika "safi kabisa".

Hivyo, kwa kila mraba wa ramani, hesabu sehemu zote ulizopima humo na ni ngapi zimefika 45. Ukiwa na sehemu 20 na 19 zimepita, mraba una asilimia 95. Kama huna sehemu za kutosha, tumia njia ya pili: vipimo vya dijitali hutawanyika kwa kama dB 5.5 kuzunguka namba ya katikati, kwa hiyo ili asilimia 95 ya sehemu zipite, namba ya katikati lazima iwe dB 9 juu ya kizingiti, yaani 54. Kwa asilimia 70, dB 3 zinatosha: 48. Kituo chetu chenye 49 kiko hapo katikati, na hiyo ndiyo rangi kinachostahili.

Kupima gari likitembea kunawezekana, kwa antena isiyo na uelekeo kwenye mita 1.5. Kila kipimo kiwe wastani wa sampuli 36 hadi 50 ndani ya urefu wa mawimbi 40, yaani mita 20 hivi. Gari likienda kilomita 36 kwa saa, linazimaliza mita 20 kwa sekunde mbili, hivyo kifaa chako kichukue sampuli zisizopungua 20 kwa sekunde. Tofauti kati ya mita 1.5 na mita 10 hukadiriwa kuwa dB 16 kwenye MHz 500 katika makazi ya kawaida, lakini inabadilika mno mahali na mahali. Naitumia njia hii kutafuta pa kusimamisha mlingoti. Hukumu natoa kwa mlingoti.

## Hatua ya 8: Rudi saa nyingine

Chagua vituo vitano au sita vya ukingoni, uvipime alfajiri, mchana na usiku, kwa siku zisizopungua tatu. Hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi, jambo la kawaida asubuhi tulivu na juu ya maji mengi, mawimbi hupindwa na kwenda mbali kuliko kawaida yake.

Aliyepima alfajiri moja tu atauongezea mnara kilomita ambazo hauna. Na kuna upande wa pili: asubuhi hizohizo mnara wa mbali wa chaneli yako unaweza kuwafikia watu wako na kuwaharibia. MER ikishuka huku nguvu imepanda, shuku hilo kwanza.

Umefaulu ikiwa unajua kila kituo cha ukingo kinayumba kwa desibeli ngapi. Kinachoyumba kuvuka kizingiti hakiandikwi "kinapata".

## Hatua ya 9: Chora ramani

Usiipe programu vituo vyako na kuiambia ijaze nafasi zilizobaki. Itachora madoa ya mviringo kuzunguka kila kituo, kana kwamba kilima kilicho kati ya viwili hakipo.

Rudi kwenye utabiri wa hatua ya 3. Kwa kila kituo, toa utabiri kwenye kipimo. Wastani wa tofauti hizo ukiwa, tuseme, −5, utabiri wako ulikuwa na matumaini ya dB 5 kupita kiasi; shusha ramani nzima kwa 5. Ukiona tofauti zinajikusanya upande mmoja, kwa mfano digrii 210 hadi 270 zote ziko −12, usilaumu modeli haraka. Chunguza mchoro wa mrusho, huenda antena ya mnarani upande huo ina hitilafu. Kutawanyika kote kwa dB 6 hadi 8 ni hali ya kawaida ya nchi yenye milima.

Rangi nne zinatosha: asilimia 95 na zaidi, 70 hadi 95, chini ya 70, na ya nne kwa penye nguvu ya kutosha lakini MER mbaya. Hii ya nne usiichanganye na ile ya tatu. Ya tatu inaponywa kwa mnara mdogo wa kujazia. Ya nne ukiiongezea mnara bila kufikiri, unaweza kuizidishia ugonjwa.

Weka alama ya kila kituo juu ya rangi, ili msomaji aone ulipopima na ulipokadiria. Pembeni andika chaneli, ERP, kimo cha antena, mpangilio wa DVB-T2, kizingiti cha 45 na antena ya dBi 13 uliyoidhania, urefu wa mita 10, na tarehe. Mtu akija na antena ya ndani ya dBi 3 akasema ramani yako imemdanganya, mwonyeshe mstari huo, kisha umhesabie: amepoteza dB 10 za antena, na kwa kuishusha kutoka paani hadi kwenye meza amepoteza nyingine 16, kabla hata ukuta haujachukua zake.